Vidole vya Mnunuzi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika zama ambapo bidhaa ilianikwa juani, mnunuzi akaja, akaishika, akaigeuza ndani nje, kisha akaondoka nayo au akaiacha. Katika soko la mji wa Kakamega, mama mmoja muuza mitumba alikuwa na kauli yake iliyokaribiana na ya wahenga. "Nguo hununuliwa na vidole," alizoea kusema. "Macho ni wapambe tu." Kwa miaka mingi aliuza nguo za watoto katika kibanda cha mbao na mabati, na kwa kauli hiyo akawasomesha wanawe. Alimtambua mnunuzi wa kweli kwa namna alivyopitisha kidole gumba juu ya mshono wa kwapa. Mpita njia naye alimtambua kwa namna alivyotazama huku mikono ikiwa mfukoni.

Binti yake wa pili hakukusudia kuirithi kauli hiyo. Alikuwa amehitimu shahada ya ualimu mwishoni mwa mwaka 2019, somo lake kuu likiwa Kiswahili. Januari 2020 bodi ya shule moja ya upili ilimpa kazi ya muda akisubiri kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mshahara. Ulimwezesha kuamka alfajiri, kuvaa viatu vilivyopigwa rangi na kuitwa mwalimu. Miezi miwili na ushei ikapita. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ikatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, na kufikia Jumatatu ya tarehe 16 shule zilikuwa zinafungwa. Mwalimu aliyeandikwa na Tume aliendelea kupata mshahara wake. Yule wa bodi, ambaye mshahara wake ulitoka katika karo ya wanafunzi, alirudi nyumbani na vitabu chini ya kwapa.

Ama kwa hakika, korona iliukuta mji ambao tayari ulikuwa unachechemea. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichokuwa mhimili wa wakulima wa miwa katika kaunti nzima, kilikuwa kimeyumba kwa miaka kadhaa, na Septemba 2019 kikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokidai. Pesa za miwa zilipokauka, hazikukaukia shambani pekee. Zilikauka pia katika duka la mbolea, katika kinyozi, na katika kibanda cha nguo za watoto. Kisha zikafuata amri za kutotoka nje usiku, barakoa, na matatu ya abiria 14 kuruhusiwa kubeba 8 tu kwa nauli iliyopanda. Mwaka ulipofungwa, takwimu za taifa zilionyesha kwamba uchumi wa Kenya ulikuwa umenywea kwa asilimia 0.3. Kwa mtakwimu hiyo ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Kwa mama wa kibandani ilikuwa siku tatu mfululizo za kukunjua nguo asubuhi na kuzikunja jioni bila kuuza hata soksi.

Ndipo binti alipotoa wazo. Ikiwa watu hawaji sokoni, basi soko liwaendee watu. Alikuwa na simu yenye ufa kwenye kioo na namba za watu wapatao 300, wengi wao wakiwa aliosoma nao. Alikuwa pia na shilingi 6,000, ambazo mama alikuwa amezipokea zamu yake ilipofika katika chama cha wanawake cha mzunguko. Mama alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Na vidole je, mwanangu?"

Binti alicheka. Alidhani hilo lilikuwa swali la mtu asiyejua simu.

Biashara ilianza Mei 2020. Ukurasa ulifunguliwa kwenye Facebook, na kikundi cha wateja kikaundwa kwenye WhatsApp. Nguo zilipigwa picha juu ya leso safi iliyotandikwa uani saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali la kufifisha rangi. Mteja wa mjini, awe Amalemba, Lurambi au Shirere, alipelekewa mzigo na bodaboda na kulipa mlangoni. Wa mbali, kama vile Bungoma au Butere, alilipa kwanza kwa M-Pesa, kisha kifurushi kikakabidhiwa dereva wa matatu pamoja na namba ya simu ya mpokeaji. Katika hili la malipo, bahati iliwaangukia wafanyabiashara wadogo. Ili kupunguza kushikana noti mikononi, ada za kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 zilikuwa zimeondolewa tangu Machi. Gauni la shilingi 250 lingeweza kulipiwa kutoka mji mwingine bila hata senti ya ziada kukatwa.

Kikwazo kilikuwa upatikanaji wa nguo. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa mitumba mwishoni mwa Machi, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti. Bei ya robota ikapaa. Binti hangeweza kununua robota zima. Aliamka alfajiri ya Jumapili akasafiri kupitia Chavakali na Kiboswa hadi soko la Kibuye mjini Kisumu, akasimama miongoni mwa wanawake waliosubiri robota lifunguliwe ili wachague zile nguo bora ambazo wachuuzi huziita kamera. Alirudi na nguo 20, pengine 25. Kila moja ilibidi iuzwe.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila mtu alikuwa akiuza. Mwalimu wa bodi aliuza mayai, kinyozi aliuza barakoa, mhudumu wa hoteli iliyofungwa aliuza keki. Simu za watu zilijaa picha za bidhaa hadi wenye simu wakaacha kuzitazama.

Si mara ya kwanza Kakamega kuona watu wakikimbilia tumaini moja wakati uchumi umeanguka. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika eneo hilo, na kufikia 1932 wageni walikuwa wakimiminika wakiwa na sururu na karai. Dunia ilikuwa katika mdororo mkuu ulioanza 1929. Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka, nzige walikuwa wamevamia mashamba, na walowezi waliofilisika waliiona Kakamega kama mlango wa mwisho. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi za hifadhi zao zingekuwa zao milele. Desemba 1932, ahadi hiyo ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu, sheria ilirekebishwa ili ardhi ya machimbo iweze kutengwa bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Dhahabu ilichimbwa, ikapungua, wageni wengi wakaondoka. Jina la Rosterman, mgodi mkubwa wa enzi hiyo, limebaki kuwa jina la mtaa viungani mwa mji. Kilichodumu zaidi ya jina ni kumbukumbu ya neno lililotolewa kisha likavunjwa, kwa kuwa dhahabu ilipoonekana, neno lilionekana kuwa jepesi kuliko dhahabu.

Binti aliijua historia hiyo tangu shuleni. Hakuihusisha na magauni ya watoto.

Alichokuwa nacho kuwazidi wauzaji wengine ni lugha. Mwanzoni aliandika kama wote walivyoandika: maneno mawili matatu ya kusifu, alama nyingi za mshangao, na bei iliyofichwa ili mteja alazimike kuuliza. Polepole akaanza kuandika kama alivyofundishwa kuandika. Aliita rangi kwa majina yake: samawati, hudhurungi, zambarau, damu ya mzee. Alitofautisha pamba na sufu. Rafiki zake walimtania, wakamwita Mwalimu wa Mitumba, lakini wateja waliacha kuuliza maswali kumi kabla ya kununua. Ikadhihirika kwamba ule msamiati ambao wengi huukariri kwa ajili ya mtihani ulikuwa na kazi nje ya mtihani. Kufikia Oktoba alikuwa akiuza nguo 30 hadi 40 kwa wiki. Faida haikuwa kubwa, lakini mama aliweza kulipia kibanda, mchango wa chama haukukosa, na shilingi 3,000 zikawekwa kando, zikafungwa ndani ya bahasha. Hizo zilikuwa sehemu ya karo ya kitindamimba, ambaye angerudi shuleni zitakapofunguliwa tarehe 4 Januari 2021.

Katika wiki ya mwisho ya Desemba, mwanamke mmoja wa Kitale mwenye duka dogo aliagiza sweta 14 za damu ya mzee za wanafunzi. Shule nyingi za huko kwao zilivaa rangi hiyo, na wazazi wengi hawakuwa na uwezo wa kununua mpya. Bei ilikuwa shilingi 300 kila moja, jumla 4,200. Alilipa zote siku ileile, bila kumwona muuzaji, bila kuligusa sweta hata moja. Lilikuwa agizo kubwa kuliko yote tangu biashara ianze. Binti alikuwa amezinunua sweta hizo Kibuye kwa shilingi 180 kila moja. Alizikunja haraka, akazifunga, akampa dereva. Siku ya pili ya Januari kifurushi kikafika.

Siku ya tatu ikaja sauti katika WhatsApp. Mwanamke yule hakutukana, na huenda angetukana ingekuwa nafuu. Alisema kwa utulivu kwamba sweta zilikuwa zimechujuka hadi zikakaribia hudhurungi, na kwamba viwiko vya sita kati yake vilikuwa vimechakaa kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Alituma picha, kiwiko kimoja baada ya kingine, kidole chake kikionekana kupitia kitambaa. Wazazi walikuwa wamezikataa. Shule zingefunguliwa kesho yake. Akamalizia kwa kusema, "Uliandika damu ya mzee, dada, nami nikaamini kwa sababu uliandika vizuri."

Binti alilirudia sentensi hilo la mwisho mara nyingi. Kumbe ile fasaha aliyoionea fahari ndiyo iliyomponza mwenzake. Hakuwa amedanganya kwa kukusudia. Picha alizipiga jioni, chini ya taa ya manjano, na mikono ya sweta hakuigeuza. Aliandika jina la rangi ambayo sweta zilikuwa nayo zilipokuwa mpya, si ile zilizokuwa nayo siku hiyo. Ni makosa madogo. Lakini yalikuwa yamesafiri hadi Kitale na kumpotezea mtu mwingine siku yake kubwa ya mauzo katika mwaka mzima.

Katika simu zilikuwamo shilingi 1,900. Katika bahasha zilikuwamo 3,000. Sokoni kulikuwa na kanuni ya zamani iliyoandikwa kwa chaki kwenye vibanda vingi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa kanuni hiyo, asingedaiwa chochote. Angeweza pia kumzuia mwanamke yule asimpate tena simuni, jambo linalochukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Mji wa Kitale uko mbali, na hakuna aliyejua kibanda kiko wapi.

Alimwendea mama jioni hiyo, akiwa amejitayarisha kuitaja kanuni. Mama alikuwa akikunja nguo. Alimsikiliza hadi mwisho, akashika sweta lililokuwa karibu, akapitisha kidole gumba ndani ya mkono wake hadi kwenye kiwiko.

"Ile kanuni ni ya aliyegusa," alisema. "Akigusa akaridhika, hasara ni yake. Huyu wa Kitale hakuwa na vidole hapa. Aligusa kwa vidole vyako."

Hakusema zaidi. Hakumwamuru arudishe pesa, wala hakuitaja bahasha, ingawa wote wawili walijua ilikuwa wapi.

Usiku huo pesa zilirudi Kitale, shilingi 4,200 kamili. Ada za kutuma zilitozwa, na hata zile za kiasi kidogo, zilizokuwa zimeondolewa wakati wa korona, zilikuwa zimerejea tangu siku ya kwanza ya mwezi. Asubuhi kitindamimba alivaa sare, akaambiwa aivue. Aliripoti shuleni wiki moja baadaye, baada ya mama kukopa katika chama. Hakulalamika, na kutolalamika kwake kulimuuma dada yake kuliko ufa wowote wa kioo. Sweta zilirudi kwa matatu, nauli juu ya muuzaji, zikatundikwa kibandani. Huko watu walizigusa viwiko, wakavuta midomo, wakapunguziwa bei, wakanunua kwa shilingi 150 kila moja. Hakuna aliyelalamika, maana kila mmoja alijua alichokinunua. Nguo zilezile zilizokuwa hadaa mtandaoni zilikuwa biashara halali sokoni. Sufu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sokoni mnunuzi aliijua kasoro kabla ya kutoa pesa.

Kwa wiki mbili ukurasa wa Facebook haukuwekwa chochote. Binti alifikiri kuuacha. Uchumi dhaifu una ukatili wake: hauwapi watu nafasi ya kukosea. Wakati wa neema, hasara ya shilingi elfu mbili ni somo. Wakati wa ufukara, ni wiki nzima ya mtoto nje ya darasa. Hii ndiyo sababu wengi wanaoanza biashara wakati huo huanguka, na ndiyo sababu kishawishi cha kumtupia mteja hasara huwa kikubwa wakati huo kuliko wakati wowote. Anayeuza mtandaoni hana kibanda cha kuonyesha, hana jirani wa kumdhamini, hana hata uso. Ana neno lake tu. Neno hilo likivunjika, hakuna mtaji wa chama unaoweza kulinunua upya.

Aliporudi, alirudi na mama. Kila Jumatatu asubuhi wawili hao waliketi uani, robo ya nguo mapajani mwa mama na simu mkononi mwa binti. Mama alifumba macho, akapitisha vidole juu ya kila nguo: kola, kwapa, kiwiko, pindo. Alipokuta jambo alilitaja, na binti akaliandika. Hapo ndipo msamiati ulipopata uzito mpya. Kilichofumuka si kilichochanika. Cha kwanza huponywa na sindano na uzi, cha pili huhitaji kiraka, na tofauti ya bei ni shilingi 50. Kilichochujuka kimepoteza rangi, ilhali kitambaa chaweza kuwa bado imara; kilichochakaa kimepoteza nguvu, hata kama rangi ingali inang'aa. Doa si waa la kudumu iwapo limejaribiwa kwa sabuni. Mama, ambaye hakuwa amemaliza shule ya msingi, alizijua tofauti hizo kwa ngozi ya vidole. Binti, mwenye shahada, alikuwa na majina yake. Ilikuwa imechukua hasara moja kwa maarifa hayo mawili kukutana.

Tangazo la kwanza la utaratibu mpya lilisomeka hivi: "Gauni la pamba la mtoto wa miaka minne, samawati. Pindo limefumuka upande wa kushoto kwa urefu wa kidole, halijachanika. Rangi imechujuka kidogo mabegani. Vifungo vitano, vyote vipo. Shilingi 200." Rafiki mmoja aliuliza ni nani aliyewahi kuuza kwa kutanguliza kasoro. Gauni lilinunuliwa kabla ya adhuhuri.

Ingependeza kusimulia kwamba mwanamke wa Kitale alirudi kununua tena. Hakurudi. Namba yake ilibaki simuni, na jina alilohifadhiwa nalo lilikuwa "Vidole". Wala biashara haikumtajirisha mtu. Julai 2023, ushuru wa thamani kwenye mafuta ulipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, nauli za vifurushi zilipanda pia, na faida ikanywea. Barua ya Tume hadi hapo haikuwa imefika. Hata hivyo, kitindamimba alikuwa amemaliza kidato cha nne, deni la chama lilikuwa limelipwa kitambo, na ukurasa ulikuwa hai wakati kurasa nyingi zilizofunguliwa pamoja nao mwaka 2020 zilikuwa zimenyamaza.

Wanaojifunza Kiswahili huulizwa mara kwa mara lugha hiyo itawapa kazi gani. Jibu la kawaida hutaja ualimu, utangazaji na tafsiri, na ni jibu sahihi. Lakini katika ua mmoja wa Kakamega kulikuwa na jibu jingine, dogo na lisilo na cheti. Lugha ilikuwa na kazi ya kumgusia mtu aliye mbali kile asichoweza kukigusa, na kumweleza palipochakaa kabla hajatoa pesa zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mama yule, akiwa amefumba macho na kidole gumba juu ya mshono, aliliongezea jambo moja tu kila alipokuta kasoro:

"Andika na hilo."